Mzimamoto wa Tatu

Sheria yenyewe fupi: wawe watatu uwanjani,
wamevaa kamili, gari la maji linanguruma,
ndipo ndege ya viti vinane itue Stura.
Wakiwa wawili, rubani huzunguka mara moja juu ya kanisa,
huinamisha bawa kama mtu aombaye radhi,
kisha hurudi zake Lerwick na mikate yetu.

Wa kwanza ni Gideon Isbister,
ambaye ndiye posta, ndiye mpima mvua,
ndiye mwandishi wa vizazi na vifo
(vifo vitatu tangu nije; kizazi, bado).
Wa pili ni Osla, mwenye kondoo mia na ufunguo wa jenereta
inayozimwa saa tano usiku, upende usipende.
Wa tatu ni mimi, Festina Mligo, muuguzi,
niliyeonyeshwa zahanati asubuhi
na mchana nikapewa kofia ya chuma.

Nilikuja na baridi ya Njombe kama cheti.
Upepo wa huku haukukisoma.
Juma la pili uling'oa mlango wa gari langu
ukaupeleka kwa jirani;
jioni akaurudisha begani, na nusu ya keki,
hakusema kitu, nami sikujua
kama hayo ndiyo mazungumzo.

Serikali ni chumba kimoja chenye birika.
Kila Alhamisi watu ishirini na wanane
(mmoja ana miaka minne, naye huachwa aseme)
huamua: nyasi za uwanja zikatwe na nani,
dizeli ikibaki ya siku tisa tufanyeje,
barua ya baraza kuu ijibiwe au isubiri.
Hawapigi kelele. Utamtukana nani?
Ukimkosea mtu hapa umemkosea fundi bomba,
umemkosea mchimba kaburi,
umemkosea anayekukata nywele.

Mwezi wa tatu mkataba wangu uliisha.
Gideon aliisoma barua yangu kwa sauti ya kusomea mvua,
milimita kwa milimita.
Kimya. Birika likachemka, likajizima.
Kisha Osla: "Atapandaje?
Akipanda, wa tatu ni nani? Ndege hairuki."
Na mashua ilikuwa nchi kavu, winchi imevunjika,
kipuri chake kinasubiriwa
kije kwa ndege.

Wakacheka. Nami nikacheka,
nikasikia kicheko changu kimefika mbali
kuliko nilikokituma.

Thelma, mkewe Gideon, miaka sitini na tisa, akanyoosha mkono.
"Nitajifunza."
Akajifunza. Akaburuta mpira wa maji kwenye matope,
akauangusha, akauokota, akamtukana Gideon kwa lahaja yao
mpaka kondoo wakainua vichwa.
Ikabaki karatasi moja: cheti cha afya,
sahihi ya muuguzi.

Muuguzi ni mimi.

Nikamfunga mkanda mkononi.
Presha yake naijua kama namba ya simu ya mama:
kila Jumatatu, miezi ishirini na minne.
Mia na sabini na mbili.
"Andika unachotaka," alisema, akitazama dirishani
mahali pasipo na mti hata mmoja wa kutazama.
Niliandika nilichokiona.
Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni
pamoja na peremende na kipande cha kamba.

Jumanne anga ilifunguka. Ndege ikatua.
Tulikuwa watatu, tumevaa, gari linanguruma.
Rubani akafungua mlango: "Nani anasafiri?"
Begi langu lilikuwa kwenye mizani,
kilo kumi na tisa na robo.
Thelma alisimama nje ya mstari mweupe,
kofia kwapani.

Hakuna aliyejibu upesi.